Uzee si Maradhi, na Maradhi si Uzee



Juma hili twazungumza juu ya jambo lililodhihiri maabarani, ambalo faida yake yafika hadi majumbani mwetu.

Mapema katika karne iliyopita, daktari Alexis Carrel alidai kuwa seli za moyo wa kuku alizozilea chupani huko New York zingeweza kugawanyika milele. Wataalamu waliliamini dai hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead, mjini Philadelphia, Marekani, walionyesha kinyume chake. Seli za kawaida za binadamu ziligawanyika takriban mara 50, zikapunguza kasi kidogo kidogo, kisha zikakoma. Hazikufa papo hapo. Ziliendelea kuishi, ila hazikuzaana tena.

Je, ila ilikuwa katika chakula cha seli hizo? Wataalamu hao walichanganya chupani seli kongwe za kiume na seli changa za kike. Chakula kilikuwa kimoja, lakini zile kongwe zilikoma na zile changa zikaendelea. Ikabainika kuwa hesabu imo ndani ya seli yenyewe. Baadaye ikafahamika kwamba ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hufupika kadiri seli zinavyogawanyika.

Na kukoma huko kuna hekima. Seli za saratani ni miongoni mwa zile zilizopata njia ya kukiruka kikomo hicho. Basi anayewauzia kina mama unga au mafuta kwa ahadi ya kuwa seli zao hazitachoka, hajui anachokiahidi.

Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu wajitibu, akabainisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Hapa twapata mafunzo mawili. La kwanza, tusitoe mali yetu kununua ujana. La pili ni zito zaidi: tusiyaite maradhi kwa jina la uzee. Bibi akilalamika kuwa haoni vyema, twamwambia ni umri. Babu akiamka kila mara usiku kwenda haja ndogo, au akiona kiu isiyokatika, twasema vilevile. Ilhali mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na sukari na shinikizo la damu hupimwa na kutibiwa. Tukilinyamazia hilo, tumemnyima mzee wetu tiba ambayo Mola amekwisha kuiteremsha.

Kwa hiyo, enyi dada zetu, fedha iliyokusudiwa kopo la ujana na iwe nauli ya kumpeleka bibi kupimwa macho. Uzee wake tuupokee kwa heshima. Maradhi yake tuyatafutie dawa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatendea wema wazee wetu, nasi tukizeeka tupate wa kututendea.

Wabillahi tawfiq.