Kabla ya rangi, uliza kimo cha fremu

Huenda wewe msomaji ni miongoni mwa wakazi wa mjini walionunua baiskeli ya milimani ili kupunguza uzani na kuupa moyo mazoezi. Ni uamuzi mwema. Lakini hebu jiulize: siku uliyoinunua, muuzaji alikupima mguu?

Mimi sikupimwa. Niliulizwa rangi pekee. Nikachagua nyekundu, nikawa naiendesha kila Jumamosi katika vijia vya msitu wa Karura. Baada ya miezi miwili goti la kulia likawa linaniuma hata nikipanda ngazi za ofisini. Nilidhani ni uzee. Fundi mmoja wa kando ya barabara, asiye na duka ila mwavuli, aliniangalia nikizunguka mara moja tu akasema: "Ndugu yangu, hii ni ya mtoto wako." Fremu ilikuwa fupi mno kwangu.

Baiskeli hizi hazikuanzia katika viwanda vikubwa. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walikuwa wakiteremka mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940. Fremu zilipinda, nyingine zikavunjika. Mwaka wa 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya ya chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Aliunda baiskeli kumi hivi. Kufikia 1979 Tom Ritchey alikuwa akiunda fremu zilizouzwa na kampuni ndogo ya Gary Fisher na Charlie Kelly.

Nionavyo mimi, waliofanikiwa ni wale ambao wenyewe waliendesha walichokiunda. Hata leo kampuni ndogo ikibuni fremu hutengeneza sampuli, mtu huiendesha mawe kwa mashimo, kisha hurudi akieleza anaumwa wapi. Paipu ya juu huongezwa sentimita moja. Uma unaoshika gurudumu la mbele hulazwa kidogo ili mwendeshaji asipinduke mteremkoni. Halafu mashine huzikandamiza pedeli mara 100,000, kuona iwapo maungio yatapasuka.

Na hiyo sentimita moja si mchezo. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi kila pedeli ipandapo, na kilegesambwa hushindiliwa kwenye mfupa wa paja. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba na mishipa ya nyuma ya goti huvutika. Fremu ikiwa ndefu kukuliko unajinyoosha, shingo inakakamaa, uzito wote unaangukia viganja. Kidole kidogo na jirani yake vikifa ganzi, neva ya kiganjani imebanwa. Hapo wengi wetu hukimbilia tembe za maumivu!

Utaniambia kiti huinuliwa. Naam, lakini nguzo yake ina alama ya mwisho, na ukiipita unaweza kuvunja nguzo au fremu yenyewe. Isitoshe, kuinua kiti hakuirefushi paipu ya juu.

Ritchey alilielewa jambo hili alipofika Rwanda. Baiskeli aliyowabunia wakulima wa kahawa mwaka wa 2006 ilirefushwa nyuma ili ibebe magunia, kwa kuwa kahawa iliyochumwa haina budi kufikishwa mapema kwenye kiwanda cha kuosha. Hakuwapelekea ile ya kuteremkia Tamalpais.

Sidai kila mtu aundiwe fremu yake. Bei hiyo wachache wataiweza. Ninachodai ni kwamba wanaotuletea baiskeli waache kutuletea kimo kimoja, kana kwamba Wakenya wote tuna miguu sawa.

Wewe nawe, uendapo dukani, vaa viatu bapa. Simama ukiwa umeitanua miguu juu ya paipu: baina yake na mwili wako pabaki angaa sentimita tano. Keti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo. Muuzaji akikukataza kuijaribu, nenda duka la pili. Habari ya rangi mtazungumza baadaye.