Karibu Mama, Soda Hii Hapa... Ila Friji Ikizima Usirudi!

Wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani wala nani kavuta ndinga mpya. Leo nina donge na wauza friji, TV na sabufa, na nitalitema hapa hapa. Majina ya maduka sitaji, kwa hiyo msinitafute. Anayejijua atajijua.

Mama mdogo wangu anaishi Ndalambo, huku kwetu Momba. Ni mtu wa mahindi na maharage, hela yake inakuja mara moja kwa mwaka na inaondoka kila siku. Misimu miwili mfululizo alikuwa anaweka pembeni kidogo kidogo, anasema siku umeme ukiingia kwake atauza maji baridi, juisi na barafu za watoto wa shule. Umeme ukaingia, ule wa REA wa kuunganishiwa kwa elfu ishirini na saba. Hakulala. Kesho yake kanipigia: "Mwanangu, twende Tunduma tukachukue friji."

Tunduma mnaijua. Malori yamepanga mstari yanaelekea Zambia na Kongo, wabadilisha kwacha wanakukimbilia, na maduka ya vyombo vya umeme yamefungulia muziki kila moja wake mpaka husikii unachosema. Mlangoni kijana kasimama, Mzambia akipita anampiga "muli shani", akituona sisi anageuza, "Karibuni ndani, kuangalia ni bure." Tukaingia. Mama mdogo kaletewa kiti. Kaletewa soda, tena kaulizwa ya baridi au ya moto. Kila sentensi ina "mama yangu" ndani yake. Mama yangu hii ndo inagandisha haraka. Mama yangu hii haili umeme. Mama yangu hii ina garantii mwaka mzima, ikikusumbua we niletee mimi mwenyewe hapa.

Nikamwangalia mama mdogo, nikaona kabisa kashaolewa na hilo duka.

Kalipa laki nne na themanini, taslimu, zile noti zilizokunjwa kunjwa zikiwa kwenye kitambaa. Akaandikiwa risiti ya mkono: "Friji 1", bei, sahihi. Vijana wa dukani wenyewe wakaibeba friji mpaka kwenye gari, wakailaza juu ya keria, wakaifunga kamba. Waliuliza tunakwenda wapi, tukasema Ndalambo. Mmoja akacheka akasema, "Huko mbali, kazeni kamba." Basi. Huo ndo ushauri pekee tuliopewa.

Tumefika jioni, watoto wa jirani wamejaa uani, mama mdogo kachomeka friji hapo hapo. Ingekuwa wewe ungesubiri? Ikaunguruma, taa ya ndani ikawaka, watu wakapiga vigelegele. Siku ya nne ikanyamaza. Taa inawaka lakini baridi hakuna. Mkono ukigusa nyuma kule kwenye mota, ni moto kama jiko.

Sasa rudi na hiyo friji Tunduma. Siyo begi hilo, wadau. Unalipa mzigo, unalipa nauli ya watu wawili, unapoteza siku. Tumefika, na yule yule kijana wa "mama yangu" hatujui. Katuelekeza kwa mwenzake wa kaunta. Yule wa kaunta hata hakuinuka kwenye kiti, kaangalia risiti, kasema:

"We mama, hii umeiunguza mwenyewe."

"Nimeiunguzaje na mimi nimechomeka tu?"

"Uliisimamisha masaa mangapi kabla ya kuwasha?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Siyo kwa sababu ya "we mama", ingawa nayo niliisikia, maana wiki moja nyuma alikuwa "mama yangu". Ilinipasua kwa sababu swali lenyewe lilionyesha kwamba alikuwa ANAJUA. Anajua kwamba friji iliyosafirishwa ikiwa imelala inatakiwa isimame kwanza. Alijua siku tunanunua. Vijana wake waliilaza wenyewe juu ya gari. Hakuna aliyefungua mdomo. Lile neno alilitunza, akaja kulitumia kama fimbo ya kutupigia siku tumerudi.

Kwa ambao hamjui, na mimi nilikuwa sijui, fundi alinielekeza hivi. Ndani ya kompresa, ile tunayoita mota, kuna oili. Friji ikilala, oili inatoka kwenye sehemu yake na inaweza kuingia kwenye mabomba. Ukiwasha hapo hapo, mota inazunguka bila ulainisho wa kutosha. Dawa yake ni bure kabisa: isimamishe wima, iache masaa kadhaa, na kama imelala safari ndefu iache mpaka kesho yake. Halafu kuna umeme mdogo. Jioni kila nyumba ikiwasha vyake, umeme unashuka, mota inataka kuanza inashindwa, inavuta mkondo mkubwa, inachemka mpaka inaungua. Ndo maana kuna kile kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, friji gadi, kinachokata umeme ukishuka sana au ukipanda sana, na ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu mota ianze. Bei yake ukilinganisha na friji ni ya soda. Fundi akasema friji ya mama mdogo inawezekana iliuawa na yote mawili.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza huduma kwa mteja ni nini, sikutajii kiti wala soda. Ni kuniambia lile unalolijua wewe na mimi silijui, na uniambie kabla sijalipa. Mengine yote ni mapambo. Soda nilishakunywa kwetu.

Najua wenye maduka mtakuja juu. Na mna haki kidogo, ngoja niwape yenu. Mtu ananunua redio, anaunganisha kwenye betri ya sola kinyume, inatoa moshi, kesho anakuja dukani anapiga kelele kwamba kauziwa bovu. Wapo. Nina mjomba wangu mmoja ni wa aina hiyo hiyo, sabufa kaifungulia mpaka mwisho kwenye kipaimara, spika zikachanika, eti garantii. Na mwenye duka wa Tunduma naye mzigo kachukua Kariakoo, faida yenyewe nyembamba, akikurudishia hela mfukoni mwake ni yeye na yule wa Kariakoo hamjali. Hilo naelewa. Lakini hilo ndo linanipa nguvu zaidi: kama hasara ni kubwa hivyo, kwa nini usitumie dakika mbili kumwelekeza mteja? Dakika mbili bana! Muda huo huo mliutumia kumsifia rangi.

Tena sifa zenyewe nyingine ni za kuchekesha. Pale pale dukani kulikuwa na sabufa boksi limeandikwa wati elfu kumi. Nikauliza kwa utani, hizi wati ni za kweli? Kijana kaapa kwa mama yake. Sasa piga hesabu ya darasa la saba. Umeme wetu ni volti 230, na plagi ya kawaida ya ukutani ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha. Unapata karibu wati elfu tatu, hapo soketi imefika mwisho wake. Hizo elfu saba nyingine sabufa inazitoa wapi, kwa mganga? Na TV "ina king'amuzi ndani, hulipii kitu". Ni kweli king'amuzi kipo ndani. Ambacho hasemi ni kwamba bado unahitaji antena, na kama mawimbi ya mnara hayakufikii utakaa unaangalia skrini ya bluu. Mtu wa mjini atagundua jioni hiyo hiyo na kesho karudi. Mtu wa Ndalambo akigundua, kurudi kwenyewe ni hesabu nyingine.

Ukutani nyuma ya kaunta kulikuwa na lile tangazo mnalolijua: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Yule bwana akalinyooshea kidole kama vile ni aya ya katiba. Wadau, hiyo karatasi siyo sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, na inamlinda mnunuzi pia, siyo wafanyabiashara peke yao. Inakataza muuzaji kumdanganya mteja, ikiwemo kumdanganya kuhusu garantii na haki alizonazo au alizonyimwa. Kilichonifurahisha zaidi kipo hatua chache kutoka hapo. Vuka mpaka ingia Nakonde, sheria ya Zambia ya 2010 inakataza waziwazi duka kubandika tangazo la kumnyima mteja haki yake, na tume yao inapiga faini maduka yanayobandika. Kwa hiyo yule kijana wetu wa "muli shani" angehamisha duka upande wa pili wa mpaka, ile karatasi ingebidi aibandue.

Nikamwambia habari ya FCC. Akanijibu, "Nenda kashtaki." Anajua hatuendi. Mama mdogo ana kuku, ana wajukuu, ana shamba. Nani aache palizi akafuatilie faili la friji? Na tungeenda na ushahidi gani? Risiti yetu imeandikwa "Friji 1". Haina aina, haina namba ya mashine ile iliyobandikwa nyuma, haina hata tarehe inayosomeka. Kila siku TRA wanatuimbia ukinunua dai risiti, na sisi tunadhani ni mambo ya kodi tu ya serikali. Ile risiti ya EFD ndiyo kinga yako. Siku ile tulionyeshwa bei mbili, ya risiti ya mashine na ya risiti ya mkono, na ya mkono ilikuwa chini kwa elfu ishirini. Tukaona tumepata. Hapo kosa ni letu, sijifichi.

Mwisho wa yote tuliacha friji kwa fundi wa mtaani, kabadilisha kompresa kwa laki moja na themanini. Hela ya mbolea hiyo. Mama mdogo hakusema kitu njia nzima. Kashika tu kile kitambaa kilichokuwa na hela, kimekunjwa, hakina kitu.

Sasa niwaambie habari ya upande mwingine, maana siyo wote. Hapo hapo Ndalambo kuna jamaa ana kibanda, anauza redio, taa za sola, waya, chaja, vitu vidogo vidogo. Hana kiti cha mteja. Soda ndo usahau. Ukinunua taa kwake, anaifungua kwenye boksi, anaiwasha mbele yako, anaizima, anakwambia, "Siku ya kwanza ichaji juani kutwa nzima, usiiwashe kwanza." Ukinunua betri anakuuliza unaendea kuwashia nini, na nimemwona kwa macho yangu akimkatalia mtu: "Hii haitaweza TV yako, tafuta kubwa, mimi sina." Kapoteza mauzo! Ana daftari la shule, anaandika jina lako, kitu ulichochukua na tarehe. Ukirudi na shida hakuulizi risiti, anafunua daftari. Watu wanamlalamikia kwamba bei zake zipo juu kidogo kuliko Tunduma, na kweli zipo. Mimi siku hizi nalipa hiyo tofauti bila kununa.

Ila TV hana. Kwa hiyo mwezi uliopita nilirudi Tunduma kununua ya inchi 32, duka jingine. Kijana kaanza, "Karibu bosi wangu, kaa hapa nikuletee soda." Nikamwambia soda asante, niwashie TV. Kasema ipo kwenye boksi imefungwa na kiwanda. Nikasema ifungue. Kioo cha TV kinaweza kuwa kimepasuka kwa ndani na nje ukaona kizima kabisa, mpaka kiwake ndo uone mistari. Kanuna, kafungua, kawasha, ipo sawa. Nikamuuliza garantii inahusu nini na haihusu nini, na ikiharibika natengenezewa hapa au inapelekwa Dar. Hapo kaita bosi wake. Bosi naye kababaika, kapiga simu, karudi na jibu: ni Dar, na mzigo nalipia mimi. Sawa, si nimejua sasa? Nikasema andika hilo kwenye risiti ya mashine au nyuma yake, na namba ya hii TV, ile ya nyuma pale.

"Bosi, wewe ni mtu wa TRA?"

"Mimi ni mtu wa Ndalambo."

Nyuma yangu kulikuwa na kina mama wawili na pasi mkononi, walikuwa wameshalipa na wanatoka. Mmoja akageuka, akaiweka pasi kaunta, akamwambia kijana, "Hebu na hii ichomeke kwanza tuone."