Hoteli za Pwani na Hesabu ya Akina Mama

Mwekezaji anayetafuta kiwanja cha hoteli pwani ya mashariki ya Unguja huuliza bei ya ardhi, maji na umeme. Ni wachache wanaouliza kama akina mama wa kijiji wanaitaka hoteli hiyo. Hilo ni kosa la kibiashara.

Huko Paje na Jambiani kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Shamba lao ni ufuko uleule anaouuza mwenye hoteli. Maji yakitoka, wao hufunga miche kwenye kamba na vigingi. Mgeni naye anataka kuteleza kwa tiara hapohapo maji yakijaa. Mume aliyepata kazi ya ulinzi atausifu utalii. Mkewe aliyepoteza nafasi ya kamba zake hatausifu, hata kama kikao kwa sheha kilimalizika kwa makofi.

Si kwamba akina mama wanauchukia utalii. Mwani wenye bei nzuri zaidi, kotonii, umeathiriwa na joto la bahari, hivyo wanahitaji soko jingine. Basi mipaka ya mashamba iwekwe kabla ya ujenzi, mboga na sabuni za mwani zinunuliwe kijijini kwa fedha taslimu, na akina mama waitwe kikaoni tangu mwanzo.

Gharama hiyo ni ndogo. Ugomvi wa ufuko hauonekani katika mizania mpaka siku ya hasara.