Thamani ya tiketi za Goma isipotee kwa sababu barabara ya Masisi ilifungwa

Tiketi ya ndege kwa kawaida huishi mwaka mmoja tangu siku ilipokatwa. Kwa wakazi wa Masisi na Walikale waliolipia safari ya Goma kwenda Kinshasa mwishoni mwa mwaka 2024, mwaka huo ulikuwa unaisha mwishoni mwa 2025 bila wao kupanda ndege.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025. Tarehe 30 Oktoba, Rais Emmanuel Macron alitangaza mjini Paris kwamba uwanja huo ungefunguliwa kwa ndege za misaada, na AFC/M23 wakapinga. Abiria wa kawaida hawakuwemo hata katika tangazo hilo.

Tiketi za bei ya chini huandikwa kwamba fedha hazirudishwi, na wengi huyasoma maneno hayo kama hukumu: fedha zimeliwa, basi. Lakini kutorudishiwa fedha taslimu ni jambo moja, na kupoteza thamani ya tiketi ni jambo jingine. Mashirika mengi humruhusu aliyefuta safari kutumia kiasi alicholipa kukata tiketi mpya. Hukatwa faini, na nauli mpya ikiwa ghali zaidi huongeza tofauti. Sharti kubwa ni kwamba afute kabla ndege haijaondoka. Asipofanya hivyo huandikwa kuwa hakufika, na mara nyingi thamani yote hupotea hapo hapo.

Sharti hilo ndilo linalomuumiza mtu wa Masisi kuliko mtu wa Goma. Abiria ambaye ndege yake ilipangwa tarehe 28 Januari hana tatizo la kujieleza, kwa kuwa ni ndege yenyewe ambayo haikuruka. Lakini Masisi-Centre ilitekwa mapema mwezi huo, na Sake, mlango wa kuingilia Goma, ukafuata siku chache kabla ya Goma yenyewe. Katika majuma hayo ndege ziliendelea kuruka.

Chukua mfanyabiashara wa maharage na jibini wa Nyabiondo aliyekuwa na safari katikati ya Januari. Vita viko barabarani, simu haishiki mtandao, na ajensi iliyomuuzia tiketi iko Goma. Ndege iliondoka na kiti chake kikabaki kitupu. Kwa kompyuta ya shirika, huyo ni mtu aliyelala akachelewa.

Hilo si haki. Abiria aliyezuiwa na vita kufika uwanjani ahesabiwe sawa na yule aliyekuta uwanja umefungwa. Tarehe za mapigano zinajulikana, kwa hiyo shirika halihitaji kumtaka mkimbizi alete cheti cha kuthibitisha kwamba barabara ya Sake ilikuwa haipitiki.

Walikale ina shida ya aina yake. M23 waliingia Walikale-Centre tarehe 19 Machi 2025 na kuondoka mwanzoni mwa Aprili, lakini njia ya kwenda Goma kutafuta ndege imebaki haina maana, kwa sababu ndege hazipo. Anayetaka Kinshasa hutazama magharibi: Lubutu, kisha Kisangani, akapande ndege Bangboka. Tiketi ya Goma iliyogeuzwa kuwa ya Kisangani ingemfaa zaidi kuliko ahadi ya kusubiri uwanja ufunguliwe. Hata kwa watu wa Masisi waliokimbilia upande wa Beni, uwanja wa Mavivi uko karibu kuliko ahadi hiyo. (Tusisahau pia waliozoea ndege ndogo, zile zilizokuwa zikitua juu ya barabara pale Kilambo kubeba kasiterite. Mara nyingi nafasi huko ilikuwa jina kwenye daftari, na daftari halina namba ya tiketi ya kudai.)

Mashirika yatasema nayo yamepata hasara. Ni kweli. Yamepoteza soko la Goma, na baada ya benki za mji huo kufungwa, kurudisha fedha taslimu kulikuwa kugumu hata kwa mwenye nia njema. Ila hoja hiyo inaunga mkono kuhamisha thamani ya tiketi, maana shirika halitoi hata dola moja mfukoni. Linatoa kiti katika ndege ambayo ingeruka vyovyote vile, na fedha za kiti hicho lilikwisha zipokea.

Wala si jambo geni. Mwaka 2020, anga ya Kongo ilipofungwa kwa sababu ya korona, mashirika mengi duniani yaliongeza muda wa tiketi na kusamehe faini za kubadili tarehe. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake namba 261 ya mwaka 2004, huenda mbali zaidi: shirika likifuta safari, abiria hurudishiwa fedha ndani ya siku 7, na hawezi kupewa hati ya safari badala yake mpaka akubali kwa sahihi yake. Kwa kipimo hicho, wanachostahili watu wa Masisi na Walikale ni kidogo sana.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kongo, AAC, inapaswa kuyaagiza mashirika yote kwa pamoja, badala ya kila moja kujiamulia: muda wa tiketi za Goma usimame hadi ndege za abiria zirudi, faini isitozwe, na thamani itumike kutoka uwanja wowote nchini. Iruhusiwe pia kupita kwa mke, mume au mtoto, kwa sababu wapo waliokata tiketi hizo ambao hawako hai tena. Mashirika mengi hulegeza masharti kwa familia yenye cheti cha kifo, lakini aliyezika ndugu yake njiani akikimbia atakipata wapi?

Kwa sasa, mwenye tiketi asiitupe. Namba yake, yenye tarakimu 13, ndiyo inayotafutwa kwanza. Ombi liandikwe mapema, hata kwa kumtuma ndugu aliye Kinshasa kwenye ofisi ya shirika, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki mikononi mwa abiria.