Heshima ya Mwindaji na Hesabu ya Ayala

Ifikapo mwezi wa Novemba, katika misitu ya Wisconsin, Michigan na Pennsylvania nchini Marekani, watu kwa malaki huamka kabla ya alfajiri, wakavaa mavazi mazito yenye rangi kali ya machungwa ili wasije wakapigana risasi wao kwa wao, wakaingia msituni kumvizia ayala. Wako wawaonao watu hao kuwa wakatili wasio na haya. Wako pia wawaonao kuwa walinzi wa desturi njema ya mababu. Pande zote mbili hubishana kwa hamaki, na zote mbili husahau swali ambalo mwanasayansi angelitanguliza: ayala ni wangapi, na nchi ile yaweza kulisha wangapi?

Yafaa kwanza kumtambua mnyama mwenyewe. Ayala, ambaye pengine huitwa kulungu, si jamaa wa karibu wa swala wala pongo wa nchi zetu. Pembe za swala ni kiini cha mfupa kilichovikwa gamba gumu mfano wa ukucha, nazo hudumu maisha yake yote. Pembe za ayala ni mfupa mtupu. Humea kila mwaka zikiwa zimefunikwa na ngozi laini, hukomaa kabla ya majira ya kupandana, kisha hudondoka. Katika jamii ya ayala mwenye mkia mweupe, ambaye ndiye awindwaye zaidi Marekani, pembe hizo kwa kawaida huota kwa madume tu. Tofauti hiyo ndogo ya maumbile imezaa mgogoro mkubwa wa maadili.

Uwindaji wenyewe si mchezo wa kufyatua risasi tangu asubuhi hadi jioni. Mwindaji hupima upepo uvumako, kwa maana ayala hunusa kuliko aonavyo. Hupanda jukwaa dogo lililofungwa mtini, akaketi kimya saa nyingi katika baridi kali. Siku nyingi hurejea nyumbani mikono mitupu. Mnyama atokeapo, mwindaji aliyefundwa hafyatui mpaka amwone ubavu, apate kulenga nyuma ya bega ulipo moyo na mapafu, ili kifo kiwe cha haraka. Akimjeruhi, ni wajibu wake kufuata matone ya damu hata usiku umkute. Akimpata, humpasua na kumtoa matumbo papo hapo nyama isiharibike, kisha humwandikisha kwa wakuu wa wanyamapori. Nyama hugawiwa jamaa na majirani. Mengi ya mambo hayo hayakuandikwa katika sheria yoyote. Kijana huyapokea kwa baba au babu yake, naye huona aibu kuyavunja hata asipoonwa na mtu.

Miongoni mwa miiko hiyo, uliopata kuheshimiwa kuliko yote ni ule wa kutomuua jike. Chimbuko lake laeleweka. Katika karne ya 19 ayala waliuawa ovyo kwa ajili ya biashara ya nyama na ngozi, hata kufikia mwaka 1900 inakadiriwa kwamba waliosalia wa jamii ya mkia mweupe hawakuzidi nusu milioni katika nchi nzima. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Lacey, iliyopiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hata jimbo nyama ya mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria. Majimbo nayo yaliweka misimu, leseni, na katazo la kuua majike. Katika hali ile, amuuaye jike alikuwa anakata mti autegemeao kwa matunda. Mwiko ule ulikuwa wa haki, na ulifanya kazi yake: leo ayala hao wanakadiriwa kufikia milioni 30 hivi.

Lakini mwiko ulipozaa matunda, haukuondoka pamoja na haja iliyouleta. Na hapa hesabu nyepesi yatosha kuonyesha tatizo. Tuseme kuna kundi la madume kumi na majike kumi. Wakiuawa madume wanane, wawili waliobaki waweza kuwapanda majike wote kumi. Na kwa kuwa jike mzima mwenye lishe nzuri huzaa pacha mara nyingi, watoto watakaribia ishirini mwaka ufuatao. Wakiuawa majike wanane badala yake, watoto hawatazidi wanne au watano. Mwindaji apendaye pembe kubwa huleta fahari nyumbani, ila hapunguzi kundi. Kundi lisilopunguzwa hula machipukizi yote ya miti, msitu ukakosa vijana wa kurithi wazee wao, na hatimaye ayala wenyewe hufa kwa njaa wakati wa theluji.

Jambo hili lilimkuta Aldo Leopold, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyehesabiwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya utunzaji wa wanyamapori. Mwaka 1943, akiwa katika tume ya hifadhi ya jimbo hilo, aliunga mkono msimu ulioruhusu kuua majike na ayala wachanga, kwa sababu misitu ya kaskazini ilikuwa imekwisha kuliwa na wanyama walikuwa wanakonda. Wananchi wengi walighadhibika, na msimu ule ukaitwa jinai. Wawindaji waliokuwa na heshima kabisa walijiona wametakiwa kutenda uovu. Yasikitisha kwamba watu wema walipinga jambo la haki, tena kwa sababu ya wema wao wenyewe.

Leopold hakuzaliwa na maarifa hayo. Alipokuwa mtumishi kijana wa misitu huko Arizona, yeye pia alipiga risasi mbwa mwitu akidhani kwamba mbwa mwitu wakipungua, ayala watazidi, na kuzidi ni heri. Baadaye aliungama kosa lake katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mfano aliopenda kuutaja unafundishwa hata leo katika vitabu vya biolojia, nao ni wa uwanda wa Kaibab, kaskazini ya korongo kuu la Grand Canyon. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliufanya uwanda huo kuwa hifadhi. Uwindaji wa ayala ukakatazwa, na serikali ikaajiri watu walioua puma kwa mamia na koyoti kwa maelfu. Ayala, waliokadiriwa kuwa 4,000, waliongezeka kupita kiasi. Katika majira ya baridi ya miaka ya 1924 na 1925 walikufa kwa njaa kwa wingi. Desemba 1924 watu walijaribu kuwaswaga kama ng'ombe, kwa kengele na kelele, wavuke korongo waende ng'ambo. Hakuvuka hata mmoja.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Makadirio ya mwaka 1924 yalitofautiana tangu ayala 30,000 hadi 100,000, na vitabu vingi vilichukua tarakimu kubwa kuliko zote bila kuuliza. Mwaka 1970 mwanaikolojia Graeme Caughley alizichambua takwimu hizo akaona ni dhaifu, akakumbusha pia kwamba kondoo na ng'ombe walikuwa wamepunguzwa katika uwanda huo wakati uleule. Kisha mwaka 2006 wachunguzi wengine walipima umri wa miti ya aspeni pale Kaibab, wakakuta kwamba michache mno ndiyo iliyopata kukua katika miaka ile ya msongamano. Ushahidi huo uliipa nguvu tena hoja ya zamani, ijapokuwa haukurudisha zile tarakimu. Hivyo ndivyo sayansi iendavyo: hurejea kuuliza hata jambo lililokwisha kuchapwa vitabuni.

Yupo atakayesema kwamba yote haya ni visingizio, na kwamba afadhali ayala waachiwe mbwa mwitu na puma. Panapowezekana, na iwe hivyo. Ila katika mashamba na vitongoji vya miji, ambako ayala wamejazana kuliko msituni, hakuna atakayekubali puma wapite mlangoni pa watoto wake. Yupo pia atakayesema kwamba uhai wa mnyama una thamani na maumivu yake ni ya kweli. Huyo asema kweli, wala hafai kudharauliwa. Hata hivyo njaa ya majuma mengi nayo ni maumivu, na anayekataza risasi bila kutafuta njia nyingine ameichagua njaa, ijapokuwa mikono yake haina damu. Kwa upande wa pili, hesabu ya ayala haimpi mwindaji ruhusa ya kufyatua kutoka umbali asioumudu, wala kuacha nyama ioze akachukua pembe.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuyafikiri haya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huuruhusu kwa leseni chini ya sheria ya mwaka 2009. Majirani wawili wamechagua njia mbili, na wanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne wanaweza kuzipima bila kurushiana maneno ya ukatili au uzalendo. Waulize wanyama wamehesabiwa lini na kwa njia gani, nani anakula nyama, nani analisha mifugo mahali palepale, na nani amewapunguza simba na chui. Mwiko uliorithiwa ni hazina, lakini uliwekwa na watu waliokuwa wanatazama idadi fulani ya wanyama katika wakati fulani. Anayeuheshimu kwa kweli hana budi kutoka kwenda kuhesabu tena.