Msilitupe Gitaa Lililonyamaza
Ndugu zangu wa Salamabila, Kasongo na Kabambare, gitaa kuukuu la umeme likinyamaza, msikimbilie kulitupa. Remmy Ongala, mzaliwa wa 1947 wa upande wa Kindu, aliyewika Dar es Salaam na bendi ya Super Matimila, alitoka katika Maniema hii hii. Nchi inayozaa wapiga gitaa haifai kukosa mafundi wa gitaa. Pikapu, kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa, haina uchawi: ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa. Anzeni na mepesi: kebo, tundu la jeki, kitufe cha sauti, risasi ya kulehemu iliyoachia. Kisha shikeni multimita. Pikapu nyingi za koili moja husoma kama kiloomu 5 hadi 8. Ikikataa kusoma kabisa, waya umekatika. Mngurumo pekee si ushahidi kwamba pikapu imekufa: koili moja hunasa kelele za umeme, ndiyo maana Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955. Na iliyokufa huzungushiwa waya upya. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walijitengenezea pikapu za likembe kwa sumaku za magari mabovu. Basi viongozi wa kwaya na bendi, kabla ya kuagiza gitaa jipya, lipelekeni la zamani kwa kijana anayetengeneza redio sokoni, mkamlipe ujira wake.