Laini Hii ni ya Nani?

Vijana wetu wana swali wanaloulizana kwa utani: hivi ukipakua wimbo kwenye mtandao bila ruhusa ya mwenyewe, kuna anayekuona?

Anaweza kukuona, ndiyo. Ila anayeonekana kwanza si lazima awe yule aliyepakua, na kwa sababu hiyo ningependa jambo hili tulizungumze kama watu wa nyumba moja: wazazi, wenye maduka, wakuu wa ofisi, na vijana wenyewe.

Kila kinachoingia kwenye intaneti hutambulika kwa anwani ya IP. Ni tarakimu tu, lakini bila hizo wimbo hauwezi kukufikia. Tovuti unakochukua wimbo huweza kuiandika anwani hiyo pamoja na saa na jina la faili, na kumbukumbu hizo zinaweza kubaki hata baada ya wewe kufuta wimbo kwenye simu.

Kwa wanaotumia torenti, mambo yako wazi zaidi. Humo wimbo hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila anayepakua huwarushia wenzake vipande alivyokwisha kupata. Maana yake nini? Kijana anayedhani anapokea tu, naye anagawa. Na ili vipande vifike, washiriki huonyeshana anwani zao. Mchunguzi aliyetumwa na kampuni ya muziki hana haja ya kuvunja kufuli lolote: anajiunga kama mshiriki mwingine, anaandika anwani anazoziona, faili na saa, kisha anaondoka zake.

Linabaki swali moja. Anwani ile, saa ile, ilikuwa kwa mteja gani? Anayejua ni kampuni inayokuuzia intaneti. Kwenye simu kazi ni ngumu kidogo, kwa kuwa mitandao huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa wakati mmoja, na mchunguzi lazima awe na sekunde yenyewe na namba ya poti (njia ya mawasiliano) iliyotumika. Lakini laini zetu hapa Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole. Laini ikipatikana, jina limepatikana.

Jina la nani, basi? La baba aliyelipia Wi-Fi ya nyumbani. La mama aliyemsajilia mwanawe laini kwa kitambulisho chake. La ofisi. Hakuna mtambo unaotazama sebuleni kuona ni mkono wa nani ulioshika simu.

Marekani walilijua hili kwa njia ya aibu. Septemba 2003 chama cha kampuni za kurekodi muziki, RIAA, kilifungua kesi dhidi ya watu 261 kwa mpigo. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 12 wa New York, na mama yake akakubali kulipa dola 2,000 ili shauri liishe. Mwingine alikuwa bibi wa miaka 66 wa Massachusetts, mwenye kompyuta ya Macintosh isiyoweza hata kuendesha Kazaa, programu aliyodaiwa kubadilishana nyimbo kwayo. Kesi yake ikaondolewa. Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufani mjini Washington ikasema Verizon, kampuni inayouza intaneti, hailazimiki kutoa majina ya wateja kabla kesi haijafunguliwa. Kampuni za muziki ziliendelea kushtaki watu hadi 2008, zilipotangaza kwamba zinaachana na utaratibu huo.

Wafaransa walipita njia nyingine. Kwa sheria ya HADOPI ya 2009, mwenye laini huandikiwa onyo, na akiyapuuza maonyo anaweza kutozwa faini kwa kosa la kutoilinda laini yake. Faini yao siitamani, lakini naona walikuwa karibu na ukweli: laini ni kama mlango wa nyumba, na mwenye nyumba hujua nani anaingia na kutoka.

Na sisi? Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa kazi za wasanii. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini sipendi tuishi kwa hofu ya kufuatiliwa. Hofu haimlipi mpiga gitaa. Tena najua wengi wetu hatupakui nyimbo kwa nia mbaya. Bando ndilo linalotusukuma. Wimbo ukiwa ndani ya simu utausikiliza mara mia bila kutumia senti, lakini ukiusikiliza mtandaoni kila mara unakula bando. Nani asiyeuelewa ugumu huo?

Habari njema ni kwamba zipo njia za halali kwa mtu mwenye mfuko mdogo. Mdundo, iliyoanzia Kenya, inakuruhusu kupakua wimbo bure. Unausikia na tangazo ndani yake, na msanii anapata sehemu ya fedha za tangazo. Boomplay inakuruhusu kusikiliza bure kwa matangazo, na ukilipia unaweza kuhifadhi nyimbo kwenye simu. Hata kutazama video kwenye ukurasa rasmi wa msanii YouTube kunamhesabia kitu. Kuigeuza video ileile kuwa MP3 kwa tovuti za pembeni hakumhesabii chochote. Tovuti kubwa ya kazi hiyo, YouTube-mp3, ilishtakiwa 2016 na kufungwa mwaka uliofuata, ingawa ndugu zake bado wapo wengi.

Kwa hiyo leo jioni, mzazi mwenzangu, kaa na mwanao akuonyeshe anakopata nyimbo. Usianze na kiboko wala hotuba. Muulize tu, kisha mtafute pamoja njia nyingine. Mkiwa hapo, angalieni programu alizozipakua kutoka nje ya duka rasmi la simu, hasa zile zilizochezewa ili zitoe bure kinacholipiwa. Ipo inayoomba ruhusa ya kusoma meseji? Kwenye meseji ndiko zinakofika namba za siri za benki na taarifa za pesa za simu. Iondoeni. Nywila ya Wi-Fi nayo, kama mtaa mzima unaijua, ibadilisheni.

Kazini mambo si tofauti. Mkuu wa ofisi, wafanyakazi wako wanajua kwamba wakiwasha torenti kwenye mtandao wa ofisi, jina litakalosomeka ni la ofisi? Waambie kwa upole, wengi hawajui. Mwenye saluni, baa au ukumbi, uliza habari za leseni ya kupiga muziki hadharani. Kamati za harusi, mkimkodi DJ, muulizeni anapata wapi nyimbo zake, kama mnavyomuuliza mpishi anakonunua nyama.

Na yule kijana wa kibandani anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi? Ni mtoto wetu, ana ujuzi na ana wateja. Kwa nini asiwafungulie wateja hao akaunti za halali, awafundishe kuhifadhi nyimbo kwa bando kidogo, na alipwe kwa kazi hiyo? Wazee wanaohangaika na simu zao wangemshukuru.

Wasanii nao nawaomba jambo moja. Wapo miongoni mwenu wanaopeleka nyimbo wenyewe kwenye tovuti za kupakua ili zisambae haraka, na wapo wanaokuta zimewekwa bila kuulizwa. Msikilizaji wa Tandahimba au Kibondo atazitofautishaje? Kila mnapotoa wimbo, andikeni kwenye ukurasa wenu unapatikana wapi, wapi ni bure kwa ridhaa yenu na wapi ni wa kulipia. Nawe msomaji, usipoona maelezo hayo, mwandikie msanii umuulize.